Salamu Uliyompa Mzee wa Nakuru

Mwanangu Wakesho,

Kabla hujaendelea, jitenge kidogo, tafuta mahali pasipo na mtu wa kukucheka, kisha uisome barua hii kwa sauti. Usiisome kwa macho. Nakujua mimi. Kiswahili umekipata kwa masikio, hakuna aliyekufundisha kukisoma, na ukiyatazama maneno haya kimya kimya yatakuchosha kabla hujafika ukurasa wa pili. Utaikunja, uniandikie kwenye simu, "Got your letter Dad, will read it properly at the weekend," na wikendi yenyewe hatutaiona. Lakini ukiyatamka utayasikia, na ukiyasikia utayaelewa. Lugha hii haina hila, inasomwa jinsi ilivyoandikwa. Nenda polepole. Ukikwama, rudia.

Naandika waziwazi, na wengine wakitaka kuisoma waisome. Hapa Birmingham, katika kanisa letu, karibu kila nyumba ina mtoto anayeelewa kila kitu na kujibu kwa Kiingereza, na ina mzazi anayejitia hajali. Mimi nilijitia hajali miaka mingi na nilikuwa hodari wa jambo hilo.

Jumamosi iliyopita sikuwa na zamu. Nikavaa viatu, nikapanda basi hadi mjini, nikaitembea tena ile safari yetu. Unaikumbuka? Ulikuwa mwaka wako wa mwisho shuleni. Nilikuwa jikoni nakunywa chai, ukanitazama ukasema, "Dad, you've lived here longer than me and you've never actually seen it." Birmingham niliijua kwa namba za basi. Nilijua basi la kunitoa Castle Vale kunipeleka kwa wazee ninaowatunza, na basi la kunirudisha, na kati ya hayo mawili nilikuwa nalala kichwa kwenye kioo. Wewe ukasema leo hakuna kulala, leo tunatembea kwa miguu na utaniongoza wewe, kwa kuwa historia ndiyo ulikuwa ukiisoma na mtu wa kumhubiria umempata.

Mama yako alikuwa mlangoni tayari na sare yake ya hospitali, anatafuta funguo ambazo alikuwa amezishika mkononi. Akakutilia ule mkebe wa aiskrimu kwenye begi, ule ambao tangu uingie nyumbani kwetu haukuona aiskrimu tena, umejaa mahamri aliyoyakaanga jana yake. "Nendeni," akasema. "Mkirudi mnihadithie yote, msinifiche. Na wewe mtoto, mwangalie babako, asije akapotea mjini nikalaumiwa." Ukamjibu, "Yes Mum, I'll keep him on a lead." Akacheka, akatoka.

Ulitaka tuanzie Digbeth, pale kituo cha mabasi ya mbali, kwa sababu ndipo nilipoteremka siku ya kwanza. Sikujua kwamba ulikuwa unakumbuka hilo. Uliniuliza nilisimama wapi, nikakuonyesha, ukasimama papo hapo ukatazama huku na huku, unataka kuona nilichokiona. Nilikuambia niliona mvua. Tukayapita yale maghala ya zamani yaliyochorwa kuta nzima, mimi nikiuliza polisi wako wapi, wewe ukinieleza kwamba michoro hiyo watu wanalipwa kuichora. Hadi leo sijakubali. Tukalipita kanisa la Mtakatifu Martin, tukafika kwa yule fahali wa shaba sokoni. Watoto walikuwa wanapanda mgongoni mwake kupigwa picha. Mimi nilimzunguka nikamkagua miguu na shingo, nikakuambia mnyama kama huyu ukienda naye mnadani kwetu Voi hurudi naye. Ulitazama pembeni kujifanya hatujuani.

Kisha ukanipeleka kwenye zile nyumba za kale za mtaa wa Hurst, zilizopeana migongo kuzunguka ua mmoja, ambazo siku hizi ni makumbusho. Mama mmoja mwenye funguo, mwongoza wageni, akatuingiza pamoja na kikundi chetu, akaeleza kwa huzuni jinsi familia nzima ilivyokaa chumba kimoja, choo cha kushirikiana, zamu ya kufua, na bomba moja la wote. Mimi nikaropoka mbele za watu, "Lakini hii si ploti!" Wote wakageuka. Ikabidi nieleze kwamba nimekulia katika nyumba kama hiyo, Voi, babu yako akifanya kazi reli. Vyumba vimezunguka ua, nguo zimeanikwa katikati, na jirani akikaanga kitunguu nyote mnajua leo kwao kuna nyama. Yule mama alifurahi mno. Wewe ulikuwa unanitazama kana kwamba ndiyo kwanza tunatambulishwa. "You never told me that," ukasema. Nikakuambia, "Hukuniuliza." Tulipotoka ukaanza kuuliza, njia nzima ya kupanda kuelekea juu mjini, wewe kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili, kila mtu na lugha yake, kama kawaida yetu.

Wazungu wanashangaa wakitusikia vile. Mimi nilizoea. Mama yako Mgiriama, mimi Mtaita, na Kiswahili ndicho kilichotukutanisha. Tulichumbiana kwacho, tukagombana kwacho, tukapatana kwacho. Ulipozaliwa hatukuwa na lugha nyingine ya kukubembelezea. Ulianza kusema kwayo, "maji," "sitaki," "nibebe." Ulipoanza shule ukarudi na Kiingereza, kikakaa, na kile kingine kikanyamaza. Hakuna aliyekifukuza na hakuna kosa la mtu. Ila nilikuwa nakumbuka "nibebe."

Tukafika kwenye uwanja wa lile kanisa kuu, kwenye majani na njiwa. Viatu vyangu vilikuwa vipya na vilikuwa vinanila. Nilishangaa kwanza kuona watu wamekaa kati ya makaburi wanakula mikate yao bila wasiwasi, nikakuambia kwetu wangetafutiwa mganga. Mabenchi yote yalikuwa yamejaa, isipokuwa moja, na hilo alikuwa amelikalia mzee mmoja wa Kisingasinga, kilemba cha buluu, ndevu nyeupe zimechanwa vizuri, mfuko wake wa manunuzi ameutandaza upande huu na mwavuli upande ule. Nikakuambia, kwa Kiswahili changu safi na kwa sauti ya mtu anayejua yuko Ulaya, "Hebu mwone huyu mzee, amelikalia benchi zima peke yake, utadhani aliachiwa urithi na babake."

Yule mzee hakugeuza hata kichwa. Akasema, "Hii benchi si ya baba yangu, ndugu. Kujeni mkae."

Wakesho, nilitamani ardhi ipasuke inimeze pale pale, makaburi yenyewe yalikuwa karibu. Wewe ulikuwa umeinama umeshika magoti kwa kicheko, huna msaada wowote. Na mimi, sijui ni akili gani iliyonituma, nikaanza kumwomba radhi kwa Kiingereza. I'm so sorry, sir, I didn't realise. Mzee akanikatiza. "Sasa Kiingereza ya nini? Umenitukana na Kiswahili, omba msamaha na Kiswahili." Nikaomba. Akaondoa mfuko, akaondoa mwavuli, akapangusa benchi kwa kiganja.

Hapo ndipo ulipofanya lile jambo. Uliacha kucheka, ukasogea mbele yake, ukainamisha kichwa kidogo, ukasema, "Shikamoo, babu."

Ulilipata wapi? Najua ulipolipata, ni kwenye simu za bibi yako zamani, tulipokuwa tunakusimamisha mbele ya spika umsalimie. Lakini nilidhani limekwisha kupotea. Mzee alikutazama, akavua miwani, akaishika mkononi. "Marahaba," akasema. "Marahaba, mtoto yangu." Akarudia mara ya tatu kwa sauti ndogo, akatazama njiwa.

Ukakaa karibu naye. Akakusimulia kwamba amezaliwa Nakuru, baba yake alikuwa na duka la vipuri, na kwamba amekuja huku kijana. Nyumbani na mkewe walizungumza Kipunjabi, ila walipotaka kusema jambo ambalo watoto wasilisikie, walisema kwa Kiswahili. Mambo ya wakubwa, mambo ya mawifi, zawadi za kushtukiza, yote kwa Kiswahili. Kwa hiyo watoto hawakukijua kabisa, ndiyo ilikuwa maana yake. "Sasa yeye alienda," akasema, na akaonyesha juu kwa kidole. "Sina mtu ya kuficha maneno na yeye."

Na wewe, binti yangu ambaye nyumbani ukiulizwa umekula unajibu "I'm fine," ulimwuliza, "Babu, sasa unakaa na nani?" Ulimwambia, "Mimi nilizaliwa hapa lakini bibi yangu iko Voi." Ulimfungulia mkebe. "Chukua mbili. Mama yangu alipika." Akachukua moja, akainusa iliki kabla ya kuuma, akafumba macho, akasema hii ni mandazi ya watu wa pwani, hii sio ya mchezo. Kiswahili chako kilikuwa na matege, lakini kilitembea. Mimi nilikuwa nimekaa mwisho wa benchi nimeshika kifuniko cha mkebe. Niliogopa nikitia neno utashtuka, utarudi kwenye Kiingereza.

Tulipoagana naye tukateremka kwenye mifereji, na ukaniambia kwa fahari kwamba Birmingham ina mifereji mingi kuliko Venisi, jambo ambalo kila mtu wa mji huu lazima akuambie, awe ameiona Venisi au hakuiona. Sikusikiliza. Nikakuuliza, "Kumbe unajua? Mbona mimi hunijibu?" Hukukasirika. Ulikuwa unatazama boti moja iliyofungwa ukingoni, yenye vyungu vya maua juu yake. Ukasema, "Dad, he's got no one left to speak it with. You've got Mum."

Yeye hana tena wa kuzungumza naye, mimi ninaye mama yako. Nilicheka. Niliona una akili na una huruma, na kwamba hesabu yako imekaa sawa. Nikakushika bega tukaendelea kutembea.

Jioni tulimhadithia mama yako, kama alivyotaka. Tulipofika kwenye benchi na urithi alilazimika kukaa chini. "Umemtukana mtu mzima hadharani? Wewe?" Akapangusa machozi kwa ncha ya leso, akacheka tena. Lakini ulipokwenda kuoga nilimwambia lile la mwisho, jinsi ulivyozungumza, na yeye hakushangaa hata kidogo. "Mwache mtoto," akasema. "Kiswahili anacho. Amekiweka. Siku ya haja atakitoa."

Unajua yaliyofuata, sitayarudia yote, maana unasoma kwa sauti na sitaki sauti ikukatike. Tulimpeleka mama yako Voi tukamzika. Ulisimama kando yangu umeshika mkono wa koti langu, shangazi zako wakija kukupa pole nawe ukiitikia kwa kichwa tu. Nilimsikia mmoja wao akisema nyuma yetu kwamba mtoto huyu amelelewa kizungu, hajui neno. Nilitaka kugeuka nimwambie habari za mzee wa Nakuru. Sikuwa na nguvu. Kisha tukarudi, ukapata kazi Glasgow, na ilikuwa haki yako uende. Nilikubebea masanduku mwenyewe hadi kwenye gari moshi.

Lakini nyumba ni kimya, Wakesho. Nina upweke. Nalitaja neno lenyewe ili usipate shida ya kukisia. Si kwamba nimekosa watu. Kanisani tunasalimiana, "Bwana asifiwe," "habari za wiki," tunaombeana, tunakwenda zetu. Hicho ni Kiswahili cha kusimama mlangoni. Ninachokosa ni kile cha kuulizwa kama nimekula, na mbona taa ya bafu inawaka, na hebu njoo uone huyu kwenye televisheni alivyovaa. Juzi nilijikuta naiambia birika, "Chemka basi, nimechelewa." Nikasimama pale jikoni nikaona haya, kisha nikagundua kwamba ndiyo sentensi ya kwanza ya Kiswahili iliyosemwa humo ndani tangu Jumapili.

Nikuambie na jambo la kazini. Tuna bibi mmoja Mpolandi, ameishi mji huu maisha yake yote ya utu uzima. Akili ilipoanza kumpungua, Kiingereza ndicho kilichotangulia kuondoka. Kila jioni alikuwa akinishika mkono na kuniuliza jambo lile lile kwa lugha yake, kwa wasiwasi mkubwa, na mimi nilikuwa namletea maji. Wenzangu walimletea blanketi. Siku moja mwanawe alikuja, akamsikia, akatuambia, anauliza kama mlango umefungwa. Yule bibi wa watu siku zote hizo alikuwa akitaka kujua kama mlango umefungwa, nasi tunamnywesha maji. Mwanawe alimjibu neno moja tu na akatulia. Nilikwenda chumba cha sare nikakaa. Nilijiuliza siku Kiingereza kikinitoka mimi, nani atajua ninachouliza. Nilitafuta sana, nikakuta duniani kote huku nilipo ni mtu mmoja, naye ananiandikia "All good Dad x."

Basi Jumamosi nikaenda kutembea. Digbeth wamechora kuta mpya. Fahali yupo. Nyumba za ua sikuingia, sikuwa na wa kumwonyesha. Nikafika kwenye benchi letu, lilikuwa tupu, nikakaa, nikaweka begi upande huu na koti upande ule. Nilikaa muda mrefu nikitazama kila kilemba cha buluu kinachopita. Mzee hakuja. Hatukuwahi hata kumwuliza jina lake, na mahamri sikuwa nayo, kwa sababu kipimo cha iliki mama yako aliondoka nacho.

Wakaja vijana wawili, mume na mke nadhani, wamebeba chipsi, wanatafuta pa kukaa. Walinitazama, yule mwanamke akamwambia mwenzake jambo kwa lugha ambayo siijui hata jina. Nikatazama kushoto, begi. Nikatazama kulia, koti. Nilikuwa nimelikalia benchi zima peke yangu. Nikaondoa vyote viwili, nikapangusa mbao kwa kiganja, wakakaa. Wakala, wakaondoka. Mimi nikabaki.

Nililipiga benchi picha nikakutumia, nikaandika, "Lovely day, walked into town." Ukaniwekea kile kimoyo chekundu. Si kosa lako, ulijibu ulichoandikiwa. Ndiyo maana nimekaa kukuandikia hii.

Sikuombi urudi Birmingham. Sikuombi uniimbie wala usome vitabu. Ulisema yule mzee hana mtu, na mimi ninaye mama. Ilikuwa kweli siku ile. Sasa sinaye. Hesabu imebadilika, mwanangu, na nimeona nikuambie mwenyewe kwa sababu kwenye simu sisi sote wawili tuko fine.

Na tazama ulipofika. Kama ulinitii ukasoma kwa sauti, basi umekwisha kusema Kiswahili kirefu kuliko ulichowahi kusema tangu "nibebe," na hakuna aliyekucheka. Limebaki jambo moja. Nipigie. Nikiipokea simu sitasema hello. Nitanyamaza, na usidhani laini imekatika, nitakuwa nakusubiri. Anza wewe. Kosea unavyotaka, "iko" na "yuko" tutayatafutia siku yake. Neno la kwanza unalijua, ulimpa mtu usiyemjua kwenye benchi akavua miwani. Jibu lake nimelitanguliza hapa chini, likungoje.

Marahaba, mwanangu.

Baba yako